Simuleta za gofu Dar: fremu ya Masaki au godauni la Mikocheni?

Mtaka_Fairway

Wakuu, habari za jioni. Nahitaji ushauri wa wanaozijua simuleta za gofu za ndani, zile unazopiga mpira halisi kwenye pazia na kompyuta inakuonyesha umefika wapi. Mpango ni vyumba viwili kwa kuanzia, hapa Dar. Nina maeneo mawili mezani.

La kwanza ni fremu ghorofa ya kwanza, Masaki. Mita za mraba 95, dari ya jipsamu ipo mita 2.7, maegesho mazuri, juu yake kuna ofisi za watu.

La pili ni sehemu ya godauni Mikocheni. Mita za mraba 130, paa la mabati mita 5, hakuna dari, mchana joto lake si la mchezo. Kodi ni karibu nusu ya ile ya Masaki.

Maswali yangu: (a) mita 2.7 zinatosha? (b) kifaa cha kuusoma mpira, nichukue cha rada au cha kamera? (c) wateja watatoka wapi, maana Dar hakuna baridi ya kuwafungia watu ndani kama Korea na Marekani? (d) inawezekana kuendesha huku nikiwa bado nimeajiriwa? Hili la mwisho mke wangu ameliuliza kabla ya mengine yote.

Mtaji wa vifaa upo. Wa kukosea mara mbili haupo.

---

FundiPazia

Mkuu, anza na dari. Projekta mbaya utabadilisha, mkeka mbaya utatupa, lakini zege la juu ni la mwenye jengo.

Draiva, fimbo ndefu kuliko zote, ina urefu wa karibu sentimita 114. Mtu wa mita 1.85 akizungusha fimbo kamili, kichwa cha fimbo kinaweza kupita mita 2.8 na zaidi kutoka sakafuni, kutegemea swingi yake (anavyoizungusha). Hapo bado hujaongeza mkeka unaomwinua sentimita 4 au 5. Kwa mita 2.7 warefu wataigonga dari, na wasioigonga wataiogopa: bila kujua wataanza kufupisha swingi, mpira utakwenda hovyo, na lawama itaangukia mashine yako. Kwa biashara usikubali chini ya mita 3.0 safi, na 3.2 ni bora. "Safi" maana yake baada ya kuondoa pangaboi, taa zinazoning'inia na bomba la AC juu ya mpigaji.

Ila usiifute Masaki bado. Mwombe mwenye jengo mfungue kipande kimoja cha jipsamu mpime hadi chini ya boriti, sio hadi kwenye zege. Mara nyingi juu ya jipsamu kuna nusu mita imeliwa na mabomba na nyaya. Ukikuta mita 3.2, unahitaji kuondoa jipsamu eneo la mita 3 kwa 3 tu juu ya kila mpigaji. Iandikwe kwenye mkataba, pamoja na nani atairudisha ukihama. Na usisaini kabla ya kumleta mchezaji mrefu kuliko wote unaowafahamu, asimame pale pale mkeka utakapokuwa, azungushe draiva polepole.

Kinachonitisha zaidi Masaki ni ofisi za juu. Mpira ukigonga pazia kishindo kinapita kwenye zege. Ukikodi hapo, fremu ya pazia isifungwe kwenye ukuta wala nguzo ya jengo. Isimame yenyewe sakafuni juu ya zulia zito la raba.

Vipimo vya chumba: kutoka mpira hadi pazia mita 3 hadi 3.5, nyuma ya pazia hadi ukuta sentimita 35 hadi 40, nyuma ya mpira mita 2.2 za kuzungusha fimbo, kisha mita 2 za viti. Jumla ni kama mita 8. Upana uwe mita 4.6 ili mpigaji asimame katikati, awe wa kulia au mashoto. Ukibana hadi mita 3.7 unalazimika kusogeza sehemu ya kupigia pembeni, na mashoto wote umewaaga. Vyumba viwili hivyo vinakula karibu mita za mraba 74 kabla ya mapokezi, choo na njia. Kwenye 95 utabanana, kwenye 130 utapumua.

Godauni nalo lina masharti yake. Usijaribu kupoza hewa ya paa la mita 5. Jenga boksi ndani ya godauni: kuta nyepesi za jipsamu, dari mita 3.3, juu yake sufi ya kuzuia joto. AC ya BTU 24,000 kwa kila chumba itatosha kwa sababu inapoza boksi peke yake. Kama utatumia kamera ya juu, ile inayousoma mpira kutoka darini, USIIFUNGE kwenye vyuma vya paa. Mabati hupanuka na jua, hutikiswa na upepo na malori yakipita. Kamera ikihama milimita chache, mipira yote iliyonyooka itaonekana imekwenda kulia, na hutajua kwa nini saa nne asubuhi ilikuwa sawa na saa kumi si sawa. Simamisha fremu ya chuma yenye miguu minne iliyofungwa kwenye sakafu ya zege, kamera ikae hapo.

Pazia: nunua lile la kusukwa matabaka matatu, sio turubai la matangazo. Fremu ya bomba la chuma (GI) inchi 1.5, limefunikwa kwa sponji ngumu ya sentimita 5 pande zote, hata kona. Mpira unaogonga bomba tupu unarudi kwa mpigaji kwa kasi kubwa, na huyo ni mpira ambao kwa mchezaji wa kulipwa unatoka na kasi ya karibu km 270 kwa saa. Pazia lifungwe kwa kamba za raba za kuvutika kila sentimita 25 hadi 30, na lisikazwe likawa ngoma. Wanaolikaza wanataka picha isiwe na mikunjo, wanachopata ni mipira inayowarudia miguuni. Acha ulegevu kidogo, hasa chini.

Pazia linakufa kwa vitu viwili: weji mpya (fimbo fupi za kuinua mpira juu) na mipira michafu. Weji mpya ina mifereji mikali, inakwaruza ngozi ya mpira, na mpira uliokwaruzwa unakwangua pazia kama msasa. Weka sheria ya mipira ya nyumba tu, ioshwe kwa sabuni kila siku, wenye mipira yao yenye alama za kalamu wasiingie nayo, na kila mpira wenye mkwaruzo unaousikia kwa kucha utupwe siku hiyo hiyo. Agiza pazia la akiba pamoja na la kwanza. Kusubiri meli huku chumba kimefungwa ni ghali kuliko pazia lenyewe.

---

Lumeni5000

FundiPazia kamaliza ujenzi, mimi niguse umeme na macho ya mashine.

Rada au kamera: kwa chumba cha ndani cha biashara, kamera ya juu. Rada hukaa nyuma ya mpira karibu mita 2 hadi 2.5 na inataka kuuona mpira ukiruka mbele kabla ya kugonga pazia. Umbali ukiwa mfupi inakisia mzunguko wa mpira, ndiyo maana baadhi ya rada za bei nafuu zinadai ubandike kibandiko cha chuma kwenye mpira. Tubu laiti za zamani na pangaboi vinaivuruga. Ni nzuri sana kwa kocha anayefundisha nje uwanjani.

Kamera za sakafuni, zile zinazokaa pembeni ya mpira, zinasoma vizuri, lakini zina kasoro mbili za kibiashara. Akija mashoto lazima uihamishe, na mgeni akipiga mpira kwa shina la fimbo anaweza kuipiga mashine yenyewe. Kamera ya juu, mfano Uneekor EYE XO au TrackMan iO, inakaa karibu mita 3 kutoka sakafuni, mbele kidogo ya mpigaji, na mashoto na wa kulia wanapokezana bila mtu kugusa kitu. Bei za vifaa hivi zinaanzia dola 2,000 hivi kwa vya nyumbani hadi zaidi ya 20,000. Usinunue cha nyumbani ukategemea kitabeba saa kumi kila siku.

Kamera inachukia jua na balbu za halojeni, kwa sababu zote zinatoa mwanga wa infraredi ambao ndio kamera inautumia kuona. Mikocheni mlango wa kukunja ukiangalia magharibi, saa kumi na nusu jua litapenya kwenye mwanya na mashine itaanza kushindwa kusoma baadhi ya mipira. Ziba mianya yote. Taa ziwe LED, zimuwakie mpigaji na mkeka, zisiguse pazia.

Projekta: ya leza, lumeni 4,000 mwisho wa chini, 5,000 kama hutaki watu wakae gizani. Sasa hesabu ya umbali, hapa ndipo wengi hununua vibaya. Chukua upana wa picha, zidisha kwa uwiano wa lenzi ulioandikwa kwenye projekta. Picha ya mita 4 kwa lenzi ya 0.8 inataka projekta ikae mita 3.2 kutoka pazia, yaani juu ya kichwa cha mpigaji kabisa. Itakula fimbo, au kivuli chake kitakaa katikati ya picha ya uwanja. Kwa lenzi ya 0.5 inakaa mita 2, mbele yake, salama. Taa ya leza imepangiwa takriban saa 20,000. Ukiwasha saa 10 kwa siku ni zaidi ya miaka mitano. Za balbu huishia saa 3,000 hadi 5,000, ni balbu mpya kila mwaka au zaidi kidogo.

Uwiano wa picha: mita 4 kwa 16:9 inakupa kimo cha mita 2.25, kwa 16:10 ni mita 2.5. Chukua 16:10. Ule ukanda mtupu ambao 16:9 inauacha juu ya picha ndio mipira ya weji inapogonga, na mteja haoni mpira wake ukiingia kwenye picha.

Umeme: kompyuta, projekta, kamera na taa za chumba kimoja ni kama kilowati 1. AC ni nyingine 2 na ushei ikiwa inavuta. Vyumba viwili na mapokezi, omba TANESCO umeme wa njia tatu. UPS (betri ya akiba) ya kVA 2 kwa kila chumba, ibebe kompyuta, kamera na projekta, isibebe AC. Jenereta ikichelewa dakika mbili mteja haoni tofauti. Kebo ya HDMI ikizidi mita 10 iwe ya nyuzi za kioo, vinginevyo picha itakatika-katika na utailaumu projekta.

Programu: leseni ya matumizi ya nyumbani haikuruhusu kutoza watu. Lipia ya biashara kwa kila chumba, na uulize kama inadai intaneti kila ikifunguliwa. Kama inadai, weka fiba na ruta ya laini ya simu kama akiba. Zima masasisho ya Windows ya kujianzisha yenyewe. Yafanye Jumatatu asubuhi.

---

Yadi_za_Nairobi

Niongeze moja kutoka huku juu, maana litawafika hata nyinyi wa pwani. Kila programu ina mahali pa kuweka mwinuko kutoka usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700, hewa nyepesi, na mpira husafiri mbali zaidi kwa kama asilimia 6. Mtu anayepiga yadi 200 Dar, Nairobi anapata 212 kwa pigo lile lile. Mkenya akija kwenu, au mtu wa Arusha, atasema mashine inampunja. Mwekeeni mwinuko wa kwao aone yadi zake zikirudi, kisha mrudishe usawa wa bahari. Ugomvi umekwisha.

Ugomvi wa pili ni wa umbali wa mpira angani na umbali wa jumla. Mtu amezoea kupima hadi mpira uliposimama baada ya kubingirika kwenye nyasi kavu za Januari, mashine inamwonyesha ulipodondoka. Onyesha namba zote mbili kwenye pazia tangu mwanzo. Hata hivyo wapo ambao miaka kumi wamejiambia wanapiga 250, na watakuwa wa kwanza kusema kamera imeharibika. Usibishane. Mpe namba zake za fimbo ya chuma namba 7, hizo huwa hana hadithi nazo.

Kuhusu Korea: si baridi peke yake. Golfzon ilianzishwa mwaka 2000, na gofu ya pazia ilishika kule kwa sababu viwanja halisi ni vichache na ghali, wakati chumba kiko ghorofani karibu na ofisi. Hilo linafanana na Dar kuliko unavyodhani. Kinachowafungia watu wenu ndani ni giza. Jua linazama takriban kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo mwaka mzima. Anayetoka kazini saa kumi na moja, akiongeza foleni, hata mashimo 9 pale Lugalo au Gymkhana hayamalizi. Ongeza masika ya Machi hadi Mei. Mteja wako ni huyo, pamoja na yule ambaye hana uanachama wa klabu yoyote na anaona aibu kujifunzia mbele ya makedi (wabeba fimbo).

Jumamosi asubuhi usitegemee wachezaji wa klabu, watakuwa uwanjani. Wape makocha saa hizo kwa bei ya chini wafundishe watoto.

---

Mama_Daftari

Tuje kwenye pesa, halafu swali la shemeji yetu.

Huuzi mashine wala gofu, unauza saa, na saa zinazouzika ni chache. Jumatatu hadi Ijumaa saa kumi na moja jioni hadi saa nne usiku ni saa 25. Jumamosi na Jumapili, saa 4 nzuri kila siku. Jumla 33 kwa wiki kwa chumba. Usizijaze zote kwenye karatasi. Chukua asilimia 55, yaani saa 18, ambazo kwa mwezi ni 78 hivi. Tuseme unatoza sh 60,000 kwa saa: chumba kinaleta milioni 4.68, viwili milioni 9.36. Hapo toa kodi ya pango, mishahara ya watu wawili, LUKU, leseni za programu, pazia na mkeka. Ukiona hesabu inasimama kwa asilimia 55, endelea. Kama inasimama kwa 80 tu, acha.

Muda: mchezaji mmoja mashimo 18 ni karibu saa moja. Wanne wanataka saa tatu hadi nne. Kundi la wanne likikodi saa moja litaishia shimo la tano na litaondoka na kinyongo. Wauzie saa mbili kwa mashimo 9, na programu iwahesabie shimo mpira ukiwa ndani ya mita 2.5, kusukuma mpira shimoni ndiyo sehemu dhaifu ya simuleta zote na inakula muda bure. Acha dakika 10 kati ya kundi na kundi.

VAT: kiwango cha kujisajili ni mauzo ya sh milioni 200 kwa mwaka. Vyumba viwili ni milioni 112, vitatu ni 168, uko chini. Cha nne kinakupeleka 225. Siku hiyo ile 60,000 ambayo mteja ameizoea inabaki 50,847 mkononi mwako, kwa vyumba vyote vinne, sio kwa kile kipya tu. Wengi hupanua bila kulitazama hilo. Pia, kwenye kodi ya pango wewe mpangaji unakata asilimia 10 na kuipeleka TRA. Mwafikiane kabla kama bei aliyokutajia mwenye jengo ni kabla au baada ya makato. Mengine unayajua: BRELA (usajili wa biashara), TIN, EFD (mashine ya risiti), leseni ya Manispaa ya Kinondoni, OSHA, Zimamoto. Mita za mraba 130 zenye sponji na mazulia, Zimamoto watauliza milango ya dharura.

Sasa ajira. Kwa mchana hakuna mgongano, chumba kitakuwa tupu hata hivyo. Mgongano uko nyumbani. Saa zinazolipa ndizo zile zile watoto wanazofanya kazi za shule na mezani kunapakuliwa. Ukiendesha mwenyewe umeuza jioni tano za wiki, na hela zikianza kuingia itakuwa vigumu zaidi kuondoka pale, sio rahisi. Shemeji kauliza swali la kwanza kwa haki.

Kwa hiyo amueni kabla ya kusaini pango: jioni ngapi, na hadi lini. Pendekezo langu ni jioni tatu kwa miezi sita ya kwanza, siku zikiwa zimetajwa, na wahudumu wawili walioajiriwa mwezi mmoja kabla ya kufungua ili wajue kupanga kamera upya bila kukupigia simu. Kama mtaji haubebi mishahara yao kwa miezi sita bila mapato, basi mtaji haujatosha, hata kama vifaa vimeshalipiwa. Ule mtindo wa Marekani wa mlango wa namba za siri bila mhudumu unafaa kwa watu waliozoea. Kwenye mji wa wanaoanza, lazima awepo mtu wa kusema "rudi nyuma ya mstari" kabla fimbo haijazungushwa.

Jingine ambalo halisemwi: wanaofungua biashara hii ni wapenda gofu, na jambo la kwanza linalopungua ni gofu yao. Mashine iko pale, lakini saa ukiitaka ndiyo saa mteja anailipia. Na marafiki wa klabu watataka kupiga bure. Weka bei ya marafiki siku ya kwanza, iandikwe ukutani, nawe uilipe ukicheza.

---

Mtaka_Fairway

Nashukuruni sana wakuu. Nimeongea na wa Masaki: tumefungua jipsamu, chini ya boriti ni mita 2.95. Nadhani jibu limepatikana, naelekea Mikocheni. Mawili yamebaki. Mkeka gani, na nifanye majaribio gani kabla ya kufungua? Na je, nianze na chumba kimoja nione?

---

FundiPazia

2.95 toa mkeka ni 2.90. Umefanya vyema.

Mkeka: sehemu ya kusimama mita 1.2 kwa 1.5, yenye kipande cha kupigia kinachotoka na kubadilishwa peke yake. Chini ya kipande hicho kuwe na jeli au sponji nzito. Zulia jembamba juu ya zege linarudisha mshtuko kwenye kiwiko, na mteja mwenye kiwiko kinachouma haji wiki ijayo. Kipande kikishakuwa na shimo la kidole gumba, badilisha. Kwa matumizi ya biashara weka akiba ya vitatu. Inua sakafu yote iliyobaki iwe sawa na mkeka, watu hujikwaa gizani.

Majaribio: siku tatu kamili, milango imefungwa, AC zote zimewashwa. Piga mipira 50 kwa weji, 50 kwa chuma namba 7, 50 kwa draiva, kila chumba, asubuhi na tena saa kumi jioni. Linganisha mwelekeo wa asubuhi na wa jioni; ukihama, kamera imelegea au jua linaingia. Mpira wowote ukirudi nyuma ya mkeka, legeza pazia au lisogeze mbali na ukuta. Piga makusudi mipira ya shina la fimbo, ile inayoruka pembeni nyuzi 45, uone kama wavu wa pembeni unafika mbele ya kutosha. Hakuna kiti chochote kiwe mbele ya mstari wa mpira. Halafu zima swichi kuu katikati ya mchezo uone UPS inabeba dakika ngapi.

Chumba kimoja nisingeshauri. Mapokezi, mhudumu, intaneti na jenereta gharama yake ni ile ile kwa kimoja au viwili, na siku kamera ikigoma umefunga biashara nzima. Jenga boksi la vyumba vitatu, weka vifaa viwili, cha tatu kitumike kama eneo la kusukumia mipira shimoni hadi saa za jioni zijae.